Damu yasema ninaumwa, picha yasema sina kitu

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Njombe, mwanamke wa miaka 54, mama wa watoto wanne na bibi wa wajukuu watatu. Ninakuandikia kwa sababu nimechoka kuzunguka na bahasha ya karatasi ambazo hazikubaliani.

Miaka mitatu iliyopita niliugua mawe ya figo, yakatoka kwa maumivu ambayo siwezi kuyasimulia, na mwaka jana yakanirudia upande wa pili. Tangu hapo mifupa ya miguu na mgongo inaniuma, hasa usiku, choo kimekuwa kigumu, na uchovu umenizidi kiasi kwamba nikifundisha vipindi viwili mfululizo sina budi kuomba kiti. Nilidhani ni umri. Muuza duka la dawa aliniuzia vidonge vya kalsiamu vya kuimarisha mifupa, nami nikavimeza karibu miezi sita. Presha ninayo kwa miaka kadhaa sasa, na ninatumia dawa mbili, mojawapo kile kidonge kidogo cha asubuhi cha kukojoza.

Mwaka huu daktari mmoja kijana wa hapa wilayani, Mungu ambariki, ndiye aliyefikiria kupima kalsiamu kwenye damu. Jibu la kwanza lilikuwa 2.95, na wiki mbili baadaye 2.91, wakati karatasi inaonyesha kwamba kikomo cha juu ni 2.60. Akaagiza kipimo cha homoni iitwayo PTH, sampuli ikasafirishwa, ikarudi 162 wakati kikomo ni 65. Akaniambia kwamba huenda moja ya tezi ndogo za parathairoidi zilizo shingoni inafanya kazi kupita kiasi, akaniandikia ultrasaundi katika hospitali kubwa.

Huko ndiko nilikochanganyikiwa. Mtaalamu alinipaka jeli, akapitisha kifaa shingoni kama dakika tatu huku akizungumza na mwenzake aliyesimama mlangoni, akaniambia nijifute. Ripoti ilisema hivi: tezi ya thairoidi ina vinundu viwili vidogo upande wa kushoto, tezi za parathairoidi hazikuonekana. Daktari wa pale aliisoma, akaniambia, “Mama, parathairoidi zako hazina shida, ulicho nacho ni rovu dogo tu.” Akataka vinundu hivyo vichomwe sindano, kisha nirudi nyumbani.

Nilipomrudia daktari wangu kijana hakukubali. Anataka niende Dar es Salaam kwa kipimo cha nyuklia. Kaka yangu anasema niachane na habari za nyuklia, nifanye MRI ya mwili mzima ili kila kitu kionekane mara moja, naye yuko tayari kunichangia. Binti yangu, ambaye ninaishi naye pamoja na mwanawe wa miezi saba, anaogopa kwamba nitarudi nyumbani na mionzi nimdhuru mtoto.

Daktari, inawezekanaje damu iseme ninaumwa na picha iseme sina kitu? Niamini ipi? Na katika vipimo hivi vyote, nianze na kipi kabla fedha hazijaisha?

Mwalimu, Njombe

*

Marahaba Mwalimu, na pole kwa safari zote hizo.

Karatasi zako hazipingani. Kila moja imejibu swali lake. Damu imeulizwa kama unaumwa, ikajibu. Ultrasaundi imeulizwa tezi yenye kasoro iko wapi, ikajibu kwamba haikuiona. Kosa limefanyika pale mtu alipolichukua jibu la swali la pili akalifanya jibu la swali la kwanza, na kosa hilo nimeliona mara nyingi, hata kwa madaktari ninaowaheshimu.

Tuanze na damu. Kazi ya homoni ya PTH ni kupandisha kalsiamu inapopungua: huitoa kwenye mifupa, huzizuia figo zisiimwage yote kwenye mkojo, na huiamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ikishafika juu, tezi zenye afya hunyamaza. Mtu mwenye kalsiamu ya 2.95 kwa sababu isiyohusu tezi hizi, tuseme saratani iliyoingia kwenye mifupa, hukutwa PTH yake imeshuka karibu na chini kabisa. Yako ni 162. Hata ingekuwa 50, ambayo maabara ingeiandika kuwa ya kawaida, bado isingekuwa ya kawaida kwako, kwa sababu kwa kiwango hicho cha kalsiamu tezi zilipaswa kuwa zimelala. Ongeza mawe ya figo mara mbili, mifupa inayouma, choo kigumu na uchovu, na utaona kwamba daktari wako wa wilayani amesoma vizuri. Msikilize.

Sasa picha. Wengi wetu tuna tezi nne za parathairoidi, mbili kila upande, zimejibandika nyuma ya tezi ya thairoidi, kila moja ikiwa na ukubwa wa punje ya mchele au dengu na uzito usiozidi sana miligramu 50. Ziliwakwepa wataalamu wa maumbile ya binadamu hadi 1880, mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Ivar Sandström, alipozieleza. Tezi ya namna hiyo ikiwa nzima, ultrasaundi kwa kawaida haiioni. Kwa hiyo maneno “hazikuonekana” ndiyo ripoti ambayo mtu mwenye afya kamili angeipata, na ndiyo ripoti ambayo mgonjwa angeipata kama tezi yake iliyovimba imekaa mahali ambapo kifaa hakikufika. Wewe ni mwalimu, unajua mtoto asipoonekana darasani haina maana kwamba jina lake halimo kwenye rejista. Pengine yuko nyuma ya jengo akicheza gololi.

Kabla ya kulipia picha nyingine, malizeni mambo ya damu na mkojo, kwa sababu ni ya bei nafuu. Kidonge cha kukojoza cha asubuhi, kama ni cha jamii ya thiazidi, na hapa kwetu mara nyingi ndicho, huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo na kinaweza kuipandisha kwenye damu. Usikiache mwenyewe. Mwombe daktari akubadilishie dawa ya presha, kisha kalsiamu ipimwe tena baada ya wiki kadhaa, pamoja na albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu, ili hesabu iwe sahihi. Sidhani kama kidonge hicho peke yake kingekufikisha 2.95 na PTH ya 162, lakini kiondolewe kwenye hesabu. Vidonge vya kalsiamu vya dukani viache leo hii.

Upimwe pia kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, na vitamini D, na ukusanye mkojo wa saa 24: unaamka asubuhi, mkojo wa kwanza unaumwaga, kisha kila tone linalofuata mchana na usiku linaingia kwenye galoni hadi ule wa kwanza wa asubuhi ya pili. Watu huona ni usumbufu, lakini kipimo hiki ndicho kinachotofautisha ugonjwa wako na hali fulani ya kurithi ambayo nayo hupandisha kalsiamu na PTH kidogo, na ambayo upasuaji hauitibu. Mkojo wa mtu mwenye hali hiyo huwa na kalsiamu ndogo mno. Waulize na ndugu zako kama kuna mwingine aliyewahi kuambiwa kalsiamu yake iko juu.

Jambo la pili kabla ya picha, nalo nalisisitiza kuliko mashine yoyote, ni kujua nani atakufanyia upasuaji. Kwa kalsiamu iliyopita kikomo kwa zaidi ya 0.25, na kwa mawe ya figo, miongozo ya madaktari wa homoni inapendekeza upasuaji, na picha zinapigwa kwa ajili ya huyo atakayeshika kisu. Mmarekani mmoja bingwa wa radiolojia, John Doppman, ambaye alitumia maisha yake ya kazi kuzitafuta tezi hizi kwa picha, alikuwa akisema kwamba kwa mgonjwa ambaye hajawahi kupasuliwa, kitu cha pekee kinachohitaji kutafutwa ni daktari wa upasuaji mwenye uzoefu. Tangu aseme hayo vipimo vimeendelea sana, na leo picha hupigwa karibu kwa kila mgonjwa ili jeraha liwe dogo, lakini mpangilio wake wa mambo bado ni sahihi. Mwombe daktari wako rufaa ya kwenda kwa bingwa wa homoni au wa upasuaji wa shingo katika hospitali ya rufaa ya kanda au ya taifa, na huyo ndiye achague picha.

Ninavyodhani, ataanza kwa kurudia ultrasaundi, na usikasirike akifanya hivyo. Ile ya dakika tatu haihesabiki. Ultrasaundi ya kutafuta parathairoidi inafanywa ukiwa umelala chali na mto chini ya mabega ili kichwa kirudi nyuma na shingo inyooke. Mpimaji hutumia kifaa bapa chenye mawimbi ya masafa ya juu, akapita polepole kuanzia chini ya taya hadi kwenye mtulinga, pande zote mbili, kwa urefu na kwa upana. Atakuambia ugeuze kichwa, atakuambia umeze mate, kwa sababu ukimeza, tezi iliyojificha chini hupanda kidogo na kuchungulia. Anachotafuta ni kitu cheusi, cha umbo la yai, kilichotenganishwa na thairoidi kwa mstari mwembamba unaong'aa. Akiwasha rangi za Doppler, zinazoonyesha damu inavyopita, anaona mshipa mmoja wa damu ukiingia kwenye ncha yake. Kwa mkono wenye uzoefu, kipimo hiki peke yake hupata takriban robo tatu ya uvimbe wa tezi moja, bila mionzi na kwa fedha kidogo. Kisichoweza ni kuona nyuma ya bomba la hewa au nyuma ya mfupa wa kidari, kwa kuwa mawimbi hayapiti kwenye hewa wala mfupa.

Ndipo tunafika kwenye hicho kinachomwogopesha binti yako. Jina la nyuklia limetuharibia kazi. Watu wakilisikia wanafikiria mabomu. Kinachotumika ni dawa iitwayo sestamibi iliyofungwa pamoja na teknesiamu, madini yanayotoa mionzi kwa muda mfupi. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kuchunguza moyo, na mwaka 1989 madaktari wa Uingereza wakaeleza kwamba inanasa pia kwenye parathairoidi zilizovimba. Sababu yake unaweza kuwafundisha wanafunzi wako wa darasa la saba: sestamibi huingia kwenye mitokondria, vile viwanda vya nguvu ndani ya seli, na seli za uvimbe wa parathairoidi mara nyingi zimejaa mitokondria kupita kiasi. Thairoidi nayo huinywa dawa, lakini huiachia mapema. Uvimbe hukaa nayo.

Kwa hiyo siku ya kipimo utachomwa sindano kwenye mshipa wa mkono, na baada ya dakika 10 hadi 15 utalala chini ya kamera ya gama, inayonasa mionzi hiyo, kwa picha za kwanza, ambapo thairoidi yote inaonekana kama kipepeo chenye mwanga. Kisha utaambiwa uende ukale, upumzike, urudi baada ya saa moja na nusu au mbili. Picha za pili zikipigwa kipepeo kimefifia, na kama bahati iko upande wetu limebaki doa moja linalong'aa pembeni au chini yake. Mashine nzuri zina kamera inayokuzunguka na CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande) ndani yake, hivyo daktari haoni tu kwamba kuna doa, bali anaona liko nyuma ya nini na kwa kina gani. Uliza kama watafanya hivyo, maana tofauti ni kubwa. Wewe kazi yako ni kutulia bila kutikisa shingo. Mwambie mtaalamu mapema kwamba mgongo unakuuma ili akuwekee kitu chini ya magoti.

Kuhusu mionzi: kipimo hiki hukupa takriban milisieveti 5 hadi 8, wakati kila binadamu hupokea kwa wastani kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Ni sawa na miaka miwili au mitatu ya kuishi tu. Nguvu ya teknesiamu hupungua kwa nusu kila saa 6, kwa hiyo kesho yake saa kama ile imebaki sehemu moja kati ya kumi na sita, na nyingine umeshaitoa kwa choo na mkojo. Kwa kuwa utakuwa Dar es Salaam na mjukuu yuko Njombe, hofu ya binti yako inajimaliza yenyewe barabarani. Kama mtafikia nyumba moja, usimpakate mtoto kwa muda mrefu siku hiyo, kunywa maji mengi, nawa mikono vizuri utokapo chooni, na kesho yake mbebe utakavyo.

Taasisi ya Saratani Ocean Road ina kitengo cha tiba ya nyuklia. Usishtuke kwa neno saratani lililoandikwa getini. Uvimbe wa parathairoidi ni saratani kwa chini ya asilimia moja ya wagonjwa, na unapelekwa huko kwa sababu ndiko kamera iliko. Lakini kabla ya kupanda basi, hakikisha daktari wako amepiga simu kuuliza kama sestamibi na teknesiamu vipo wiki hiyo. Teknesiamu haikai dukani. Inatokana na molibdeni inayozalishwa kwenye mitambo michache duniani, mmojawapo ukiwa Pelindaba, Afrika Kusini, nayo husafirishwa kwa ndege ndani ya chombo kizito cha madini ya risasi ambacho wataalamu hukikamua kila asubuhi kama ng'ombe. Ng'ombe huyo hukaukiwa: nguvu ya molibdeni hupungua kwa nusu kila saa 66. Shehena ikichelewa, mgonjwa aliyetoka Njombe hukaa kwa ndugu akisubiri.

Vinundu vyako vya thairoidi sikuvisahau. Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu ya rovu kwa sababu ya upungufu wa madini joto, na kumkuta mwanamke wa rika lako na vinundu viwili si ajabu hata kidogo. Vinastahili kuangaliwa kwa macho mawili. Kwanza, kinundu cha thairoidi nacho kinaweza kushika sestamibi na kuchelewa kuiachia, kikamdanganya msomaji wa picha. Ndiyo maana doa la nyuklia na ultrasaundi nzuri lazima visomwe pamoja. Pili, ile sindano. Kama bingwa ataona kinundu cha thairoidi kina dalili za mashaka, achukue sampuli, tena kabla ya upasuaji ili kila kitu kimalizwe kwa jeraha moja. Lakini kitu kinachodhaniwa kuwa parathairoidi hakichomwi sindano ovyo, kwa sababu husababisha kovu linalomsumbua mpasuaji na kinaweza kumwaga seli shingoni. Usikubali sindano kabla mtu hajasema wazi anachoma nini.

Kama ultrasaundi na nyuklia vitaonyesha mahali pamoja, umebahatika, na hali hiyo ndiyo ya wengi, kwa kuwa kwa wagonjwa wapatao 80 hadi 85 katika kila 100 tatizo ni tezi moja tu. Mpasuaji ataingia moja kwa moja upande huo kwa jeraha la sentimita chache. Visipokubaliana, hatua inayofuata ni CT ya shingo na kifua cha juu inayopigwa kwa awamu, ambayo madaktari huiita CT ya pande nne, upande wa nne ukiwa wakati. Unapigwa kabla ya dawa ya kung'arisha mishipa, halafu dawa inapopita kwenye ateri, halafu inapoondoka. Uvimbe wa parathairoidi hung'aa haraka na kufifia haraka, tofauti na thairoidi na matezi ya kawaida ya shingo. Ni kipimo kizuri sana. Hata hivyo mionzi yake inazidi ya nyuklia, na dawa yake ina iodini, kwa hiyo figo zako zilizowahi kupata mawe zipimwe kwanza. Iodini hiyo huijaza thairoidi kwa wiki kadhaa na inaweza kuharibu aina fulani ya kipimo cha nyuklia inayotumia dawa mbili. Basi kama vyote viwili vitahitajika, nyuklia itangulie.

Unaweza kujiuliza kwa nini kifua kiingizwe kwenye habari ya shingo. Tukiwa tumboni mwa mama, tezi mbili za chini za parathairoidi husafiri kushuka pamoja na tezi ya thaimasi, ambayo makao yake ni kifuani, na nyingine husahau kushuka kwenye kituo. Nahodha mmoja wa meli wa Marekani, Charles Martell, alifahamika kwa madaktari wa dunia nzima kwa sababu hiyo. Mifupa yake ililainika akapungua urefu kwa zaidi ya sentimita 15. Kuanzia 1926 alipasuliwa shingo mara sita bila uvimbe kupatikana, hadi 1932 wapasuaji wa Boston walipofungua kifua kwa upasuaji wa saba wakaukuta nyuma ya kidari. Alifariki wiki chache baadaye kwa matatizo ya mawe ya figo. Hakukuwa na ultrasaundi wala kamera ya gama. Wewe utapigwa picha inayoteremka hadi kifuani kabla ya kisu cha kwanza.

Mshukuru kaka yako, lakini fedha zake zisiende kwenye MRI ya mwili mzima. Picha inayotazama kila mahali haitazami mahali popote kwa makini, na kitu cha ukubwa wa haragwe kinahitaji umakini. MRI ya shingo yenyewe ina nafasi yake kwa mjamzito au kwa aliyepasuliwa zamani akarudiwa, si kwako kwa sasa. Akiendelea kung'ang'ania kusaidia, alipie nauli, malazi na CT endapo itahitajika. Kuna pia PET, aina nyingine ya picha ya nyuklia, inayotumia koline, ambayo hupata uvimbe mdogo ambao sestamibi imeukosa, na nchi kadhaa za Ulaya zinaipenda. Dawa yake yenye florini hupungua nguvu kwa nusu kila dakika 110, hivyo lazima itengenezwe karibu na mgonjwa kwa mtambo wa saiklotroni. Nairobi ina hospitali zenye mitambo hiyo, ila mashine ya PET kuwapo si sawa na koline kuwapo, kwa hiyo msisafiri kabla ya kuuliza. Ningeiweka mwisho kabisa.

Na kama picha zote zitatoka tupu? Bado unaumwa, na bado upasuaji unakufaa. Picha tupu mara nyingi humaanisha uvimbe mdogo au tezi zaidi ya moja zilizokua kidogo kidogo, na mpasuaji mzoefu atazifungulia zote nne, azitazame kwa macho, aondoe zenye kasoro. Kwa mikono ya namna hiyo zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hupona. Usikubali kuandikiwa kwenye faili lako kwamba ugonjwa umekanushwa kwa sababu ya picha.

Kuna picha nyingine ambayo hakuna aliyekutajia, nayo inahusu madhara. Uombe kipimo cha uzito wa mifupa cha DXA, na kijumuishe mkono wa chini karibu na kifundo, kwa sababu ugonjwa huu hula mfupa mgumu wa mkono kabla ya ule wa mgongo. DXA isipopatikana, eksirei ya kawaida ya viganja ina thamani yake: kwa ugonjwa uliokaa muda mrefu, kingo za mifupa ya vidole huonekana zimegugunwa kama muhindi ulioliwa na panya. Na ultrasaundi ya figo ionyeshe kama kuna mawe mengine yanayosubiri.

Unaposubiri, kunywa maji ya kutosha kutwa nzima, tembea, kula chakula chako cha kawaida bila kujinyima maziwa. Ukianza kutapika, kiu na kukojoa kupita kiasi, kusinzia au kuchanganyikiwa akili, binti yako asisubiri tarehe ya rufaa, akupeleke hospitali usiku huohuo na bahasha yako mkononi, kwa sababu kalsiamu inaweza kupanda ghafla na hutibiwa kwa maji ya mshipa.

Mwisho, kila unapopigwa picha omba upewe picha zenyewe kwenye diski pamoja na ripoti. Mpasuaji atakayekupokea atataka kuzitazama kwa macho yake, na ile ripoti ya mistari miwili uliyonayo haimwambii kitu.